Kabla Hujalipa Kodi: Mwanafunzi wa Chuo Akae Wapi Dar es Salaam

Jina limetoka, chuo umepata, na nyumbani wameanza kupigiana simu kuulizana nani atakupokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Katika haraka hiyo, suala la utakaa wapi huachwa mwisho kabisa, baada ya ada, godoro na kompyuta. Nakuomba ulipandishe juu. Mahali utakapolala mwaka huu ndipo patakapoamua kama utakuwa darasani saa 1 asubuhi, kama utabaki maktaba hadi usiku, utakula nini, na bumu, yaani posho ya mkopo, litakaa mfukoni siku ngapi.

Nazungumzia Dar es Salaam, na zaidi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko wanafunzi wengi wanakohangaika na vyumba kila vyuo vinapofunguliwa. Ukiwa unakwenda chuo kingine cha jijini, mengi utakayosoma hapa yatakufaa vilevile.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kaa karibu. Ukilazimika kuchagua kati ya chumba kizuri chenye vigae, choo cha ndani na feni ya dari kilichoko mbali, na chumba cha kawaida ambacho unaweza kutoka na kwenda chuo kwa miguu, chukua cha karibu. Vigae havitakusaidia siku ya mtihani.

Piga hesabu. Mwanafunzi wa Mlimani anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto hupanda angalau magari mawili kwenda na mawili kurudi. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa Desemba 2023 ikawa shilingi 600, na safari ndefu ina bei yake. Hata tukichukua hiyo 600 kwa kila gari, ni 2,400 kwa siku, na 48,000 kwa mwezi wenye siku 20 za masomo. Hapo hujapanda bodaboda usiku gari zilipoadimika, wala hujanunua chakula cha mchana kwa sababu kwako ni mbali mno kurudi kupika. Fedha uliyodhani umeiokoa kwenye kodi imekwishia kwa konda.

Fedha yenyewe ni sehemu ndogo ya hasara. Foleni za asubuhi na jioni zinaweza kukula saa moja na nusu kila upande, yaani masaa matatu kwa siku, masaa 60 kwa mwezi. Hayo ni masaa ya kusoma, ya kulala na ya kufua. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, inaweza kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja, lakini anayerudi Chanika huanza kuangalia saa jua likiwa bado halijazama, wakati mwenzake wa Changanyikeni ndiyo kwanza anafungua daftari. Diskasheni za kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, nazo hupangwa jioni, na anayewahi gari huzikosa. Ukimwona mwanafunzi hodari anaanza kupata sapu, yaani mitihani ya marudio, ambazo hakuna aliyezitarajia, kabla ya kumlaumu muulize anakaa wapi.

Ukaribu haupimwi kwa kilomita tu. Ikiwa chuo chako kiko mjini, kama IFM, DIT, CBE au Muhimbili, vyumba vya katikati ya jiji huviwezi, kwa hiyo tafuta njia moja iliyonyooka. Mtu wa Magomeni, Manzese au Ubungo anapanda mwendokasi moja hadi mjini bila kubadilisha. Mtu wa Kigamboni anavuka kwa pantoni kwa shilingi 200 na kushuka Kivukoni, hatua chache kutoka IFM. Kote huko foleni ya abiria ipo na msongamano upo, lakini gari moja ni bora kuliko magari mawili hata kama umbali ni uleule, maana kila unapobadilisha gari ndipo unapopoteza muda.

Omba hosteli ya chuo hata ukiambiwa hupati

Wengi hawaombi kwa sababu kaka au dada aliyetangulia amewaambia nafasi hakuna. Nafasi ni chache kweli. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa Aprili 2017, ni majengo 20 yenye uwezo wa wanafunzi 3,840. Ziko pia hosteli za Mabibo na mabweni ya zamani ya kampasi, lakini chuo kina makumi ya maelfu ya wanafunzi. Hata hivyo kila mwaka wapo wanaopata na kuachia: aliyehama kozi, aliyeahirisha mwaka, aliyechelewa kulipa. Nafasi hizo huenda kwa aliyekwisha kuomba. Dirisha la maombi hufunguliwa kwa siku chache, hivyo ingia kwenye mfumo wa chuo mara kwa mara tangu siku unayothibitisha udahili, na ukipata namba ya malipo lipa siku hiyohiyo. Kama una ulemavu au ugonjwa unaohitaji uangalizi, liseme kwa maandishi na uambatishe barua ya daktari. Vyuo huwapa watu hao kipaumbele, ila havitajua kama hujasema.

Mwaka wa kwanza, hosteli ndiyo chaguo langu la kwanza bila kusita. Ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kodi ya mtaani, maji yakikatika yanakatika kwa wote na yupo wa kumuuliza, na kozi utaizoea haraka kwa sababu waliokutangulia wako mlango wa pili. Wanafunzi wengi hujifunza jinsi ya kusoma chuoni kutoka kwa watu waliolala nao chumba kimoja. Jua tu kwamba Mabibo haiko ndani ya kampasi: utahitaji daladala au mwendo mrefu wa miguu, na asubuhi mnakuwa wengi mnaogombea gari moja.

Halafu kuna kubebana. Utakuta aliyepata kitanda anamlaza rafiki yake kwenye kitanda hichohicho, wanachangia ada. Wengi wamesoma hivyo hadi wakahitimu, na sitamhukumu aliyekosa pa kwenda. Lakini ukiwa wewe ndiye unayebebwa, huna haki yoyote katika chumba kile. Ukaguzi ukipita unaondoka usiku na begi lako, na aliyekubeba anaweza kupoteza nafasi yake. Kubali kwa wiki mbili tatu wakati unatafuta chumba. Usiupange mwaka mzima juu ya kitanda cha mwingine.

Kwa shangazi, kwa mjomba, kwa shemeji

Wazazi wengi wa mikoani huwa wameshaamua: utafikia kwa ndugu. Wanaona usalama, chakula na macho ya mtu mzima, na wana haki ya kuona hivyo. Nyumba ya ndugu mwenye upendo ina utulivu ambao hakuna chumba cha kupanga kinaweza kukupa. Ukiugua usiku kuna mtu wa kukupeleka hospitali. Bumu likichelewa unakula.

Tatizo huanzia pale ambapo hakuna aliyesema lolote. Mwenyeji anadhani utasaidia nyumba kama mtoto wa nyumbani. Wewe unadhani umekuja kusoma. Wiki ya tatu mtoto wa shangazi anahitaji kupelekwa shule, wewe una darasa saa 1. Wiki ya sita geti linafungwa saa 3 usiku, nanyi mna kazi ya kundi inayokwisha saa 4. Hakuna aliyekosea, ila manung'uniko yameshaanza, na yatafika kijijini kabla yako.

Kwa hiyo zungumza wiki ya kwanza, na uzungumze kwa adabu, umekaa chini, si mlangoni ukiwa na haraka. "Shangazi, shikamoo. Naomba nikuonyeshe ratiba yangu ya masomo. Jumatatu na Jumatano natoka saa 12 kasoro, na Alhamisi narudi saa 3 usiku. Siku nyingine kazi za nyumbani niachie mimi. Je, geti mnalifunga saa ngapi?" Mwandikie hata ratiba hiyo kwenye karatasi. Mtu mzima akielezwa mapema huwa mwepesi wa kukubali kuliko akishtukizwa. Bumu likiingia, peleka sukari, mchele au umeme wa LUKU bila kusubiri kuombwa. Si malipo, ni kuonyesha kwamba umeona mzigo unaobebwa.

Kama nyumba hiyo iko mbali, rudi kwenye hesabu ya nauli na masaa, uwaonyeshe wazazi kwa tarakimu. Nao waelewe kwamba chakula cha bure cha usiku kinaweza kugharimu masomo ya asubuhi. Njia moja ya kati ni hii: kaa kwa ndugu muhula wa kwanza, ulijue jiji, upate marafiki wa kuaminika, kisha tafuta chumba karibu na chuo wakati wa likizo fupi, vyumba vinapopatikana bila kugombaniwa. Siku ya kuondoka, aga. Usihame kwa ujumbe wa simu. Nenda ukawasalimie Jumapili zinazofuata, maana hujui lini utahitaji tena mlango ule.

Chumba cha mtaani

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo wengi wanapoumizwa.

Anza na kalenda mbili ambazo hazikutani: ya Bodi ya Mikopo na ya mwenye nyumba. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, posho ya chakula na malazi kwa anayepewa kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, ikipanda kutoka 8,500, na huja kwa mikupuo. Mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000. Mwenye nyumba, kwa upande wake, anataka kodi ya miezi sita kwa pamoja. Tuseme chumba ni 100,000 kwa mwezi: hiyo ni 600,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Bumu zima limekwisha na bado unadaiwa 100,000, wala hujala chakula cha siku hata moja kati ya zile 60. Tena bumu la kwanza haliji siku unayofika. Linasubiri usajili na kusaini.

Maana yake, kwanza, ni kwamba kodi ya kuanzia lazima itoke nyumbani, na izungumzwe nyumbani mapema kama ada inavyozungumzwa. Pili, omba kulipa miezi mitatu mitatu. Karibu na vyuo wapo wenye nyumba waliozoea wanafunzi na wanakubali, hasa mkiwa wawili na mkienda wenyewe kuzungumza badala ya kumtuma dalali, ambaye naye anapenda miezi sita. Tatu, angalia mwaka wa masomo unaisha lini. Kati ya Julai na Oktoba huenda ukawa nyumbani au fildi mkoa mwingine, huku kodi inasoma. Mwulize mwenye nyumba tangu mwanzo kama atakuruhusu kumwachia mwenzako chumba miezi hiyo. Akikubali, liandikwe.

Kwa Mlimani, mitaa ya kutafuta ni Changanyikeni, Msewe, Makongo, Savei na Mlalakuwa. Ukipanua, Sinza, Mwenge na Ubungo. Changanyikeni na Msewe wanafunzi ni wengi kiasi kwamba mama ntilie, wa fotokopi na wa kuchapa kazi wote wako mlangoni, na utapata wa kutembea naye usiku. Lakini njia za mkato kati ya mitaa hiyo na kampasi zina vichaka. Usichague chumba kwa umbali wa njia ya mkato ambayo hutathubutu kuipita saa 3 usiku. Pima kwa njia yenye taa na watu.

Dalali mtumie, ila umjue. Kazi yake ni kukuonyesha. Malipo yake ni siku unayolipia chumba, pamoja na hela ndogo ya kuzungushwa ambayo mnakubaliana kabla ya kuanza kutembea. Asikwambie utume fedha ya kushikilia chumba kabla hujakiona. Vyumba vingi vinavyotangazwa mitandaoni kwa picha za kupendeza na bei ya chini huwa havipo, au vipo lakini anayevikodisha si mwenyewe. Dada zangu, msiende kuona vyumba peke yenu na mtu msiyemfahamu, na msiende jioni. Nendeni wawili, na mwambieni wa tatu mlipo.

Chumba kimoja kitazame mara mbili, mchana na usiku. Mchana utaona kuta na mwanga. Usiku utasikia baa ya jirani, spika za mahubiri na mashine ya kusaga, na utajua kama taa za njia zinawaka. Wapangaji waliopo ndio walimu wako. Wasalimie, uwaulize dalali akiwa hayupo: maji yanatoka siku zipi kwa wiki? Yakikatika, mnateka wapi na ndoo ni shilingi ngapi? Ya kisima ni matamu au ya chumvi? Mwenye nyumba mwenyewe yukoje? Mpangaji aliyeishi pale miaka miwili atakuambia kwa dakika tano mambo ambayo dalali hatakuambia kamwe.

Kuna jambo la msimu ambalo wageni wa jiji hawalifahamu. Wengi hutafuta vyumba Septemba na Oktoba mapema, wakati wa ukavu, na kila bonde linaonekana zuri. Vuli inaanza wakati wewe ndiyo kwanza unatandika kitanda, na masika ya Machi hadi Mei ndiyo yenye nguvu. Nyumba za mabondeni, karibu na mito kama Mlalakuwa, huwa na bei ya chini kwa sababu wenyeji wanajua kinachokuja. Tazama alama za maji ukutani, rangi iliyopakwa upya nusu ya chini tu, kizingiti kilichoinuliwa kwa matofali, viroba vya mchanga vilivyopangwa nyuma ya nyumba. Ukiviona, ondoka.

Umeme nao una hesabu yake. Kwa TANESCO, mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hupata bei nafuu. Akizidi anahamia bei ya kawaida, ambayo ni karibu mara tatu. Nyumba yenye vyumba nane juu ya mita moja ya LUKU haiwezi kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo wote mnalipa bei ya juu hata kama wewe una taa moja na simu. Humohumo kwenye LUKU hukatwa kodi ya majengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ambayo kwa haki ni deni la mwenye nyumba. Uliza kama chumba kina submita, mchango unagawanywaje, na mwenye friji au pasi anaongeza kiasi gani. Ugomvi mwingi wa wapangaji unazaliwa kwenye uniti, mara chache kwenye kodi.

Ukiwa mgeni wa jiji, chagua nyumba ambayo mwenyewe anakaa uani. Atakuwa mkali juu ya wageni na kelele, lakini pampu ikiharibika na yeye hana maji, itatengenezwa leo. Nyumba ya msimamizi anayekuja tarehe ya kodi tu ina uhuru mwingi na mabomba mabovu mengi.

Kama nyumba za mitaani zinakutisha, zipo hosteli za watu binafsi kuzunguka vyuo, zinazotoza kwa kitanda badala ya chumba, zenye mlinzi na tangi la maji. Kabla ya kulipa hesabu vitanda, hesabu vyoo, kisha uliza wanafunzi waliomo.

Mkiamua kupanga wawili, chagua mwenzako kwa tabia ya usiku na ya fedha. Rafiki mkubwa wa sekondari anayelala saa 8 na muziki si lazima awe mwenza mzuri wa chumba. Kubalianeni kabla: nani anapika, mgeni analala au halali, na mmoja akikosa bumu kodi yake inasubiri hadi lini. Majina yote mawili yaingie kwenye mkataba, la sivyo siku mkikosana mmoja atakuwa mgeni katika chumba alichokilipia.

Mkataba wenyewe usikubali uwe wa mdomo. Karatasi moja inatosha: majina na sahihi, kiasi cha kodi na miezi iliyolipwa, nani analipa maji na umeme, nani anatengeneza kinachoharibika, na muda wa kupeana taarifa kabla ya kuhama au kupandisha kodi. Uandikeni mbele ya serikali ya mtaa, na hapohapo uliza kama anayekukodisha anajulikana kuwa mwenye nyumba. Tapeli hukataa kwenda ofisi ya mtaa, na kukataa huko kunatosha kuwa jibu. Lipa kwa benki au simu ili ubaki na ushahidi wa jina la aliyepokea, na upige picha chumba kilivyo kabla hujaingiza godoro: dirisha lililovunjika, soketi iliyoungua, ukuta wenye ufa.

Siku ya kuhamia badilisha kitasa, maana hujui funguo ngapi za zamani ziko mitaani. Hifadhi kwenye simu namba ya mjumbe wa shina, ya mpangaji mmoja unayemwamini na ya bodaboda mmoja wa kijiwe cha karibu anayejulikana hapo mtaani, kisha wapelekee wazazi namba hizo pamoja na jina la mtaa na la mwenye nyumba.

Ukikaribia kumaliza mwaka, toa taarifa ya kuhama kwa maandishi kulingana na mkataba, walau mwezi mmoja kabla ya kodi kuisha. Andikeni pamoja usomaji wa submita, malizeni deni la maji, linganisheni chumba na picha ulizopiga, na kama kuna kodi ya ziada iliyobaki uidai kabla ya kukabidhi funguo. Kisha waambie wadogo zako wa kozi kwamba chumba kinaachwa wazi. Mwenye nyumba atampata mpangaji bila dalali, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataokoa kodi ya mwezi mzima.